Hatua Nne

"Hauumi," Elieth alisema kabla sijamgusa.

Alikuwa na miaka tisa, amekaa kitandani katika chumba cha dharura cha kituo chetu cha afya, Izigo, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba kama kiazi. Asubuhi hiyo alikanyaga vibaya mtaroni, kwenye migomba ya bibi yake.

"Anadanganya, waitu daktari," bibi yake, Agnetha, alisema kwa heshima ya Kihaya. "Jumapili anataka kwenda Bukoba kwa mama yake. Nimemwambia mwenye mguu mbovu hasafiri. Samli nimeshapasha, nimkande."

Mama yake Elieth alifanya kazi za ndani Bakoba, kata ya Bukoba mjini, akipewa Jumapili moja ya mapumziko kwa mwezi. Mwezi uliopita hakupewa.

Nilianza na mguu mzima, wa kushoto, ili azoee mkono wangu. Kisha ule mwingine: unyayo, kisigino, nundu ya ndani ya kifundo. Elieth alitazama dari. Nilipobonyeza nundu ya nje uso haukubadilika, ila vidole vya mguu vilijikunja.

"Tembea hatua nne."

Alizitembea zote. Ya nne ikamtoa jasho juu ya mdomo.

"Umeona?" Elieth aliuliza.

"Nimeona." Nikamrudisha kitandani. "Bibi, usimkande. Mfupa wa mtoto ni laini pale unapokua. Unaweza kuwa umevunjika na bado akatembea. Anahitaji picha, na mashine hatuna. Nampa rufaa ya Bukoba. Leo."

Elieth aliacha kutazama dari.

"Bukoba?"

"Leo."

"Unauma," alisema. "Sana. Na hapa pia." Akashika goti.

Nikalibonyeza. "Hapo hapaumi."

"Panauma kidogo."

Agnetha alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Nilifunga kifundo kwa kipande cha boksi na bandeji, nikampa dawa ya maumivu, nikaandika barua ya rufaa. Goti sikuliandika.

"Leo ni Alhamisi," Elieth alisema taratibu. "Watamruhusu mama?"

Nilipiga simu kwa mama yake. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, kisha nikatuma ujumbe: mimi ni daktari wa Izigo, Elieth anapelekwa hospitali ya Bukoba leo.

"Akiwa kazini simu huiacha chumbani," Agnetha alisema.

Niliandika namba juu ya barua, kwa tarakimu kubwa. Elieth aliomba aishike mwenyewe. Gari la wagonjwa lilipoondoka, nilimwona kupitia kioo akiisoma, tarakimu moja moja, midomo ikicheza.

Saa kumi na moja jioni namba ile ikanipigia.

"Daktari, mwanangu yuko wapi?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia bodaboda ikipanda mlima.

"Chumba cha picha, dereva ameniambia," nilisema. "Wamekuruhusu?"

"Sijaaga."