Mlinzi Aliyebaki Nyuma ya Lango

Wanaume wakibishana juu ya siasa nawaelewa. Lakini mwaka ule wa 1988, hapa Mbarara, walikuwa wakibishana ndani ya hoteli yangu juu ya mtu wa kwenye video, na chai inapoa.

Mtu mwenyewe alikuwa mlinzi wa Lango la Mawe. Mwishoni mwa kanda ya pili anajifungia upande wa mazimwi ili mfalme wake apate kutoroka. Kanda ya tatu ilikuwa haijafika mjini. Ila Edirisa, aliyezitafsiri filamu hizo kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wa kibanda cha video, hawezi kusema kitu bila kutia chumvi. Pale mwisho akajiongezea lake: "Jamaa atarudi!"

"Huyo iko hai," askari mmoja wa kambini alisema. "Wewe uliona maiti?"

"Upanga ulivunjika," akajibu Buruhan, muuza vitenge. "Atapigana na nini, makucha?"

Mwanamke mmoja, Yayeri, hakubishana. Alikaa karibu na sigiri yangu akisikiliza kila neno. Mumewe, Naboth, alikwenda vitani kaskazini, na wenzake wakarudi bila yeye. Wakwe zake walitaka kuzika mgomba badala ya mwili, kama wafanyavyo kwao mtu asipoonekana, ili matanga yaishe. Yayeri alikataa mwaka mzima. "Hata mlinzi atarudi," aliniambia siku moja. Nilimkasirikia Edirisa hata nikamnyima sukari.

Jumapili moja akaja Mwalimu Kayijuka, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, na kitabu cha tatu cha hadithi hiyohiyo. Alikikuta kwenye sanduku la misaada, kanisani kwao Rubondo, hukohuko Nakivale. Wote wakamzunguka. Alifungua kurasa za mwisho, akasoma kimoyomoyo, akainua macho na kumwona Yayeri. Akakifunga.

"Hiki Kingereza ni kigumu sana," alisema.

"Mwalimu, usinifiche," Yayeri alimwambia. "Soma vile iko."

Akasoma, akitafsiri polepole. Vita vilipoisha, watu wa mfalme walilifungua lango. Nyuma yake walikuta kofia ya chuma ya mlinzi, na mifupa. Edirisa aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani kulia, nikajifanya napuliza moto.

"Na bibi yake?" Yayeri akauliza. "Yeye alifanya nini?"

Mwalimu alipekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. "Madamu, hawakumuandika."

Wanaume wakatazamana. Walijua mpaka jina la farasi wa mlinzi yule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama alikuwa na mke.

Yayeri alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Kesho mukuje nyumbani na majembe," aliwaambia. "Mgomba nitachagua mwenyewe."