Mguu wa Meneja

Mama, fundi cherehani, alifika kliniki amekumbatia tundu la ndege. Bintiye, daktari wa mifugo, hakuhitaji kuuliza ni nani aliyemo. Alikuwa Meneja, chiriku wa manjano aliyepewa jina hilo kwa kuwa hushinda akizunguka na kufoka bila kufanya kazi yoyote.

"Ana kitu mguuni," mama alisema. "Nilidhani uzi umemnasa, nikavuta. Alinitazama kama mke mwenza."

Kilikuwa kivimbe kikavu cha kijivu, chenye mikunjo, kimekumbatia kidole. Daktari alimega chembe ndogo ya juu, akaipeleka maabara. Majibu yalipotoka kwamba ni ugonjwa wa kirusi, alimwita mama aje ajionee.

Mama alivua miwani, akainamia hadubini. Ngozi ya Meneja, iliyokatwa nyembamba na kutiwa rangi ya zambarau, ilijikunja tabaka juu ya tabaka. Alikuwa ameshona marinda maisha yake yote, lakini ya namna ile hakuwahi kuyaona.

"Sasa kirusi kiko wapi?"

"Hapo hakionekani, mama. Ni kidogo mno. Unachokiona ni kazi yake. Kimeingia kwenye ngozi, kikaiamuru iongezeke, nayo ikatii."

"Kwa hiyo nyama yote hii ni yake mwenyewe Meneja?"

"Yake mwenyewe."

Mama hakuondoa jicho. "Kitu hakina hata mdomo," alisema taratibu, "na mwili unakiitikia."

Daktari hakuthubutu kukata. Kivimbe kilikuwa kimeshikana na mshipa, na damu yote ya chiriku haijazi kijiko cha chai. Walimtenga Meneja na ndege wengine wa mama asije akawaambukiza, na mama akakizungushia kitambaa laini kijiti anachosimamia ili mguu usichubuke.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama akapiga simu, akinong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. "Njoo. Usiniulize kitu."

Daktari alipofika nyumbani kwa mama, kivimbe kilikuwa kwenye sakafu ya tundu, kimenyauka. Mguu wa Meneja ulikuwa mwembamba, mwekundu kidogo, mzima.

"Nani kakikata?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Mwili wake umekitambua kirusi, ukakikatalia." Daktari aliusogelea mguu, akautazama tena. Jambo hilo alikuwa amelisoma tu vitabuni.

Walichuchumaa bega kwa bega mbele ya tundu. Mteja wa mama wa nguo alibisha hodi mlangoni, akabisha tena. Hakuna aliyeinuka.