Kunyanyua kwa Mbili

Tangu afariki mwenzake aliyebeba naye kwa miaka kumi na miwili, kibarua Winchi alibeba peke yake pale kwenye ujenzi: saruji, matofali, hata nondo ndefu alizoziburuta huku ameuma meno. Kila asubuhi mgongo ulimuuma, naye akaingiwa na hofu, maana chumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumpa hata maji siku mgongo utakapogoma.

Siku hiyo kazi ilikuwa kuhamisha boriti ya zege. Akainama, akaikumbatia.

"Wee Winchi, unaoa boriti?" mama mchanganya zege akamwita, akaja upande wa pili. "Nami nashika huku. Kunja magoti, usipinde mgongo. Moja, mbili..."

Winchi akanyanyua. Mama alikuwa bado hajanyanyua. Boriti ikayumba, mgongo ukamchoma, wakaitua haraka.

"Tatu iko wapi, baba?" mama akauliza, akipuliza vidole.

Winchi akaona haya. "Mimi na marehemu tulinyanyua kwenye mbili. Alisema tatu ni ya wavivu."

Mwingine angecheka. Mama alifuta mikono, akasogea karibu na boriti, akakunja magoti upya.

"Haya, iwe mbili. Ila hesabu wewe, nikusikie."

Winchi akainama, akashika upande wake. Tangu msiba ule hakuwahi kumhesabia mtu. Mama akangoja vilevile, amechuchumaa, bila kumharakisha.

"Moja," akasema mwishowe. "Mbili."

Boriti ikapanda sawia, na nusu ya uzito haikuwa yake.