Ulimi wa Kuazima

Abdulhamidu alikuwa mpika bia ambaye hajapata kuinywa. Watu wa Utende, kisiwani Mafia, walilijua hilo na walimcheka, wakisema ni kinyozi kipofu. Yeye alijibu kwamba kinyozi kipofu akipata wateja, basi wenye wazimu ni wateja.

Mwaka wa pili huo, katika chumba kilicho nyuma ya jiko la hoteli ya watalii wazamiaji wa baharini, alikuwa akikaanga shayiri mpaka iwe nyeusi, akiichemsha, akiitia maua makavu ya kuleta uchungu, akiipoza na kuiacha ichachuke ndani ya pipa la chuma. Rangi aliitazama. Joto alilipima. Harufu aliinusa, maana pua, alijiambia, haikuharamishwa. Ladha ndiyo aliyoiazima.

Aliiazima kwa Jumanne, mtunza bustani kutoka bara. Kila pipa likiiva, Jumanne alikuja na kofia mkononi, akapewa glasi, akafumba macho kama anayesikiliza redio. Kisha akasema, "Tamu sana, mkuu." Hajapata kusema jingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kila mtu anaijua methali hiyo. Lakini nani aliyevaa ya kuazima akageuka kujitazama nyuma?

Kazi ya kupika bia aliachiwa na Faraja, Mchaga aliyemfundisha kisha akarudi kwao. Siku Abdulhamidu alipoipeleka habari nyumbani, mkewe Shamsa alifunga nguo zake kwenye kanga arudi kwa wazazi wake Miburani. Walikesha na maneno. Baba yake Shamsa tangu hapo hakula tena nyumba ile. Shamsa alibaki, kwa sharti moja.

"Mikono yako nitaivumilia," alimwambia. "Lakini siku kitu hicho kikipita kooni mwako, nitajua sina mume."

Basi Abdulhamidu akaishi juu ya sharti hilo moja. Kwamba mpikaji naye amelaaniwa pamoja na mnywaji, alilijua. Alilisoma chuoni akiwa mdogo. Lakini binadamu hujichagulia mahali pa kusimama hata kama ni padogo, na yeye alisimama kwenye koo lake.

Shamsa naye alikuwa na upungufu wake: chumvi. Kila kitu alikipika vizuri, chumvi ikamshinda, leo bahari, kesho maji matupu. Kila jioni alichota mchuzi kwa upawa, akaupuliza, akamdondoshea mumewe kwenye kiganja. "Onja chumvi." Abdulhamidu aliramba, akasema ongeza au basi. Hata Ramadhani, kabla ya adhana, aligusa kwa ncha ya ulimi na kutema, kama wapishi walivyoruhusiwa. Watu wasiosema mapenzi kwa maneno huwa na jambo kama hilo, na wao walikuwa nalo hilo.

Mwaka huu hoteli ikaiingiza bia yake nyeusi kwenye shindano la hoteli za pwani. Bi Zawadi, meneja, alimwita ofisini akamweleza bila kuzunguka: ikipita, atapewa pipa la pili, ikianguka, chumba kinageuzwa ghala la mitungi ya hewa ya wazamiaji, na yeye atafute pa kwenda. Chupa tatu zikatangulizwa Dar es Salaam kwa ndege. Mwamuzi, wakaambiwa, atakuja mwenyewe kukamilisha.

Mwamuzi alikuwa mzee mmoja aitwaye Mansuri, mwenye shati la kitani na vidole virefu visafi. Alikuja alasiri na kundi la wenye hoteli wenzake, wakaketi barazani. Abdulhamidu alitoka na glasi kwenye sinia.

"Shikamoo, mzee."

Mansuri hakuitika. Aliinua glasi kwenye mwanga. "Glasi ina mafuta," alisema, lakini hakuirudisha. Alinusa, akanywa, akaizungusha kinywani, akameza, kisha akatazama bahari kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya.

"Nani anaonja hii kabla haijatoka?"

Abdulhamidu akasema kweli, kwani hakuwa na uongo wa karibu. Wageni wakatazamana. Jumanne akaitwa kutoka kwenye maua, miguu ina udongo. Mansuri alimimina bia nusu glasi, kisha, mbele ya watu wote ila Jumanne aliyekuwa bado akipanda ngazi, akachukua chupa ya siki iliyokuwa kando ya kachumbari, akaongezea mpaka glasi ikajaa.

"Karibu, bwana. Tunataka ulimi wako."

Jumanne akafumba macho. Akanywa. Kope zikamcheza, koo likapanda na kushuka.

"Tamu sana, mkuu," alisema.

Baraza likavunjika kwa kicheko. Mmoja alipiga meza mpaka vijiko vikaanguka. Jumanne naye akacheka, kwa kuwa wakubwa wanacheka, akainama na kurudi kwenye maua yake. Abdulhamidu hakuweza hata kumkasirikia. Aliona aibu, aibu ile ya moto inayoanzia masikioni, na akatamani sinia alilolishika liwe kubwa ajifunike.

"Mimi baba yangu alikuwa mgema," Mansuri alisema, sasa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Huko kwetu muuza tembo hakupi kata mpaka anywe yeye kwanza. Tunaita kutoa sumu. Na hapa Mafia si hivyo hivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi toa sumu."

Amina alikuwa anapita na sahani ya sambusa. Amina ni binti wa mama mdogo wake Shamsa. Kazi hii ya kuhudumia meza alitafutiwa na Abdulhamidu mwenyewe. Alisimama pale pale.

"Mzee, mimi situmii."

"Kupika unatumia?" Mansuri aliwageukia wenzake. "Mimi pia nilisoma chuo. Mpishi yumo kwenye laana, mbebaji yumo, mnywaji yumo. Huyu amepanga foleni na wenzake, halafu anasema yeye hayumo, anamsindikiza tu mtu." Wakacheka tena. "Sikiliza, kijana. Siwezi kumpa alama mtu anayeogopa kazi ya mkono wake. Kunywa, kisha tuzungumze."

Neno hilo, kisha tuzungumze, ndilo lililomponza. Alisikia kama mlango unafunguka ndani ya neno hilo. Alimtazama Bi Zawadi. Bi Zawadi alikuwa akitazama simu yake.

"Niruhusu nionje kama mwezi wa Ramadhani," alisema Abdulhamidu. Sauti ilitoka ndogo. "Kwa ncha ya ulimi, kisha niteme."

"Uteme? Mbele ya wageni wangu, kitu unachotaka wao wakinunue?" Mansuri alimsogezea glasi yake mwenyewe, ile aliyokwisha kunywea. "Meza."

Alifikiri pipa la pili. Alifikiri kiunga cha minazi cha baba mkwe wake, ambako angelazimika kwenda kuomba kibarua cha kufua nazi, na namna mzee yule angemjibu bila kumtazama. Alifikiri Shamsa, lakini kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayoionea haya. Akasema bismillahi kwa mazoea, akashtuka kwamba ameisema, akanywa. Akameza.

Na hapo, Mungu amsamehe, akaielewa. Miaka miwili ikamfunukia kwa funda moja. Shayiri ilikuwa imeungua, imekaangwa kupita kiasi, na ilikuwa chache, kwa hiyo katikati palikuwa na maji matupu. Angepunguza moto. Angeongeza shayiri. Ilikuwa kazi ndogo kabisa, ya mtu yeyote mwenye ulimi.

"Haya," alisema Mansuri. "Ikoje?"

"Katikati haina kitu, mzee. Naweza kuirekebisha. Pipa lijalo tu—"

"Mmeona, ana ulimi mzuri!" Mansuri aliwaambia wenzake kwa furaha ya kweli. "Hivyo hasa. Si mbaya, sikia. Ingekuwa mbaya ningekupa pole, maana mbaya mtu huikumbuka. Hii ni ya kawaida. Mbele kahawa iliyolala, katikati maji, mwisho uchungu umekuja kama mgeni aliyekuta wenzake wameshanawa. Nitaisahau kabla ya chakula cha usiku." Alichukua sambusa kwenye sahani ya Amina. "Niliamua hivyo tangu Dar, kwa zile chupa. Bi Zawadi anajua tangu jana."

Abdulhamidu alisimama na glasi mkononi. "Sasa ulitaka ninywe kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama utakunywa," alisema Mansuri, akauma sambusa.

Bi Zawadi alimfuata mpaka mlango wa jiko. Alisema mitungi inaletwa Jumamosi, kwa hiyo pipa limwagwe kabla ya hapo, na alisema samahani, tena kwa moyo, kwa kadiri ya moyo aliokuwa nao. Amina hakuonekana tena.

Alisukutua kwenye bomba la bustani mpaka fizi zikamuuma. Jumanne alikuja akasimama karibu. "Mkuu, ile ya leo ilikuwa kali kidogo," alinong'ona. "Ila ningesema, si ungeninyima siku nyingine?"

Alifika nyumbani maghrib inaadhiniwa. Shamsa alikuwa jikoni, mbele ya pweza wa nazi. Simu yake ilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kioo bado kinawaka.

"Asalaamu alaikumu."

"Waalaikumu salaam," aliitika, kwa kuwa salamu ni deni.

Abdulhamidu aliketi kwenye kigoda, pale anapoketi kila jioni. Hakujua aseme nini, akafanya lile alilolizoea: akafungua kiganja. Shamsa alichota mchuzi kwa upawa. Akaupuliza. Akaudondosha kwenye kiganja chake mwenyewe, akaramba, akatulia.

"Chumvi imetosha," alisema.

Akampakulia sahani iliyojaa, na nyama nzuri juu, akaiweka kwenye mkeka wa barazani unaotandikiwa wageni. Akamletea maji ya kunawa. Kisha akarudi jikoni kula peke yake, na kupitia mlango ulio wazi akauliza, kwa adabu, "Kinalika?"

Abdulhamidu aliweka tonge kinywani. Mchuzi haukuwa na chumvi hata chembe. Akameza.

"Kitamu sana," alisema.