Kilomita za Immakulata

Kamba ya mia mbili na sita iliishia kwenye kisiki cha mkaratusi. Kezia alichora mstari chini kwa kisigino, akatoa kokoto moja mfuko wa kulia wa aproni yake na kuitia mfuko wa kushoto. Kamba ilikuwa ya mita ishirini, ya katani, na ncha ya mbele ilishikwa na Immakulata, binti wa kaka yake Pasikali, aliyekuwa kidato cha tatu.

"Vuta," alisema Kezia.

"Nimevuta, shangazi."

"Haya, mia mbili na saba."

Walikuwa wanapima njia ya kutoka kijijini kwao hadi shule ya sekondari ya kata. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ncha ya mbele ilishikwa na Stanislaus, mume wa Kezia, kwa sababu ndivyo mashamba yanavyopimwa huku: mwanamume mbele na kamba, mwanamke nyuma na hesabu. Stanislaus alitembea vizuri, hakukata kona, na njia ikatoka kamba mia nne na hamsini, yaani kilomita tisa. Kezia aliandika tisa kwenye fomu, na fomu ikarudi kutoka Kibondo imekataliwa.

Fomu ilikuwa ya Mfuko wa Hisani wa Wana-Buha. Mfuko huo ulianzishwa na wafanyabiashara na wakulima wa Kibondo na Kasulu ili wasaidie vijiji vyao bila kungoja wageni. Kila mwaka ulitoa mabati ya kuezekea mabweni ya wasichana, kwa masharti mawili: wanakijiji wajenge kuta wenyewe, na wasichana wawe wanatembea kilomita kumi au zaidi.

Kuta hazikuwa tatizo. Kikundi cha Kezia, Dufashanye, yaani tusaidiane, kilikuwa na wanawake thelathini na mmoja, na kila mmoja wao, kabla ya kutia maharage chunguni, alichota konzi moja na kuiweka pembeni kwa ajili ya wasichana wa shule. Kwa konzi hizo walikuwa wamelisha wasichana chakula cha mchana kwa miaka minne na kuwashonea taulo za kitambaa. Tatizo lilikuwa kilomita moja.

Immakulata ndiye aliyesema wapime tena. Alisema Stanislaus akitoka saa kumi na mbili anafika saa mbili, na yeye akitoka saa kumi na mbili anafika saa tatu na zaidi, wala hapotezi muda njiani. Kezia alimwuliza kama miguu yake ina shida. Immakulata akasema miguu ni mizima, njia ndiyo ndefu. Kezia hakubisha. Alikwenda kuchukua kamba.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Pasikali alikuwa amesema kwamba shule ikifunguliwa Jumatatu baada ya likizo ya Juni na binti yake hana kitanda karibu na darasa, hatarudi shule. Angepanda basi la Kakonko akauze dukani kwa mke wa baba yake mdogo. Pasikali hakuwa mkali. Mwaka uliopita Yasmini, jirani yao, alichoka kutembea, akawa anapewa lifti na dereva wa bodaboda, na sasa alikuwa anamnyonyesha mtoto wa miezi mitano. Pasikali alikuwa ameliona hilo kwa macho yake.

Kamba zilianza kuongezeka mapema. Kutoka kisimani hadi nyumba ya mwisho ya kijiji, Immakulata alikuwa amezidi kamba za Stanislaus kwa themanini na mbili. Kezia alirudia kipande hicho, akapata vilevile. Akaandika.

Katika mikaratusi, Stanislaus alikuwa amevuta kamba tano. Immakulata alivuta tisini na nane. Miti ilikuwa ileile, ila ilichukua muda kwisha.

Kwenye kona ya lami vijana wanne wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao.

"Mama wa kamba!" mmoja aliita. "Mnatupimia viwanja?"

"Tunapima akili zenu," alisema Kezia. "Bado hatujafika mita."

Wenzake walicheka sana. Yule kijana alimgeukia Immakulata. "Mrembo, achana na kamba. Panda hapa, dakika kumi upo shuleni."

Kutoka kona hiyo hadi kalvati kulikuwa na kamba tatu za Stanislaus. Immakulata alivuta themanini na moja. Muda wote huo vijana waliendelea kumwona na waliendelea kusema, na kwa kuwa kamba zilikuwa nyingi walimaliza maneno yao wakaanza upya. Immakulata alitazama mbele. Kezia alihamisha kokoto.

Jumla ilikuwa kamba mia saba na tatu. Kilomita kumi na nne na mita sitini.

Katika mkutano wa Dufashanye hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja alisema hata yeye alipokuwa darasa la sita alidhani ni uvivu wake. Mwingine alisema yeye alipigwa fimbo za kuchelewa mpaka akaacha, na kwamba angefurahi kama ile kamba ingekuwepo wakati huo. Kisha wakajadili nani apeleke barua Kibondo.

Mwalimu Bazilio, katibu wa Mfuko, alikuja mwenyewe wiki iliyofuata kuhakiki. Alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema angependa kushika kamba yeye mbele na msichana nyuma, ili pasiwe na utata. Waliondoka saa moja asubuhi, Kezia akitembea kando ya Immakulata.

Mwalimu Bazilio alifika kwenye mlingoti wa bendera wa shule saa tatu kamili. Alisimama na ncha yake mkononi. Kamba ilikuwa imenyooka, mita ishirini, na mwisho wake alimwona Immakulata vizuri kabisa, akitembea kuelekea kwake.

"Mko wapi?" aliuliza, bila kupaza sauti, kwa sababu hawakuwa mbali.

"Kwenye mikaratusi, mwalimu," alijibu Immakulata.

Mwalimu Bazilio alikaa kwenye kibao cha jiwe chini ya mlingoti. Baada ya nusu saa aliuliza tena, akaambiwa wanakaribia kona ya bodaboda. Alisikia maneno ya vijana wale, yote, mara mbili. Alivua kofia. Saa nne na dakika kumi Immakulata alifika, akamsalimia kwa kupiga magoti kidogo, akamrudishia ncha yake ya kamba.

"Kwetu Kasanda nilikuwa na dada," alisema mwalimu Bazilio alipokwisha kuandika. "Tulitoka wote nyumbani kila siku. Mimi nikawa mwalimu." Alifunga kalamu yake. "Nilikuwa namtania kwamba ana miguu ya kobe."

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Kezia.

"Yuko Kasanda."

Kisha akatoa fomu. Sehemu ya umbali ilikuwa na kisanduku kimoja. Alikitazama kwa muda, akaandika tisa juu na kumi na nne chini, kwa herufi ndogo ili zote ziingie.

Jibu la kamati lilifika baada ya siku sita. Kamati ilikishukuru kikundi cha Dufashanye kwa kazi nzuri na ya uangalifu. Ilikubali kwamba vipimo vyote viwili ni sahihi. Hata hivyo njia ni moja, ramani ya wilaya inasema tisa, na Mfuko ukianza kuhesabu kilomita za wasichana peke yake, mabati hayatatosha vijiji vyote. Pamoja na barua hiyo kulikuja mfuko wa misumari, kilo sita, ambao haukutajwa kwenye barua.

Kezia aliwasomea wenzake barua hiyo mara mbili, polepole.

"Wameikubali kamba," alisema mama wa Immakulata.

"Wameikubali."

"Lakini mabati hakuna."

"Hakuna."

"Basi na tuanze kuta," alisema mama wa Immakulata, na wakaanza kugawana siku.

Waliita ikibiri, neno ambalo bibi zao walivuka nalo kutoka Burundi, na maana yake ni kwamba anayeitwa kwenye kazi ya mwenzake haji mikono mitupu wala haulizi malipo. Udongo mzuri wa matofali ulikuwa kijijini, kando ya kijito, kwa hiyo tanuru lilichomwa huko na matofali yakabebwa hadi kiwanja walichopewa nyuma ya shule. Wanaume wachache walikuja na baiskeli. Wanawake wote thelathini na mmoja walibeba kichwani, manne manne.

Wengine walitarajia kwamba wakienda wengi namna ile njia ingefupika. Haikufupika. Walipita mikaratusi kwa kamba tisini na nane, na kwenye kona vijana waliwaita mabibi harusi wa matofali. Wanaume wa baiskeli walikuwa wameshashusha mizigo na kunywa uji walipowaona wanawake wanaingia. Kezia aliongeza maharage kwenye chungu cha safari na kupunguza mazungumzo ya njiani. Maharage mengine ya konzi, magunia mawili, waliyabadilisha kwa mabati sita Kibondo. Yaliyohitajika yalikuwa ishirini na manane.

Ijumaa, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Wanaume walikuwa wameshaondoka. Jua lilikuwa linashuka na wanawake walikuwa wanafunika matofali mapya kwa nyasi mbichi ili saruji isikauke haraka, ndipo Pasikali alipokuja kumchukua binti yake. Alizunguka jengo lote mara moja, akiwa ameweka mikono nyuma.

"Dada," alimwambia Kezia, "nilisema kitanda. Naona ukuta."

"Ni ukuta wa kitanda," alisema Immakulata kutoka ndani.

"Sijakuuliza wewe. Funga mzigo wako, twende. Jumatatu utasafiri."

Immakulata alinawa mikono, akafunga kanga yake. Hakulia. "Haya, baba. Ila ukifika nyumbani usifunge mlango. Mimi nitakuwa bado kwenye kona."

Kila jioni kwa miaka mitatu Pasikali alikuwa amekaa kizingitini akimngoja, na kila jioni alikuwa amemwuliza alikuwa wapi na nani. Kila jioni Immakulata alikuwa amemjibu kwamba alikuwa njiani. Yeye mwenyewe hakuwahi kutembea naye. Sasa alitazama njia, ambayo kwa macho yake ilikuwa fupi na wazi, mikaratusi ikionekana pale karibu.

Alikaa juu ya rundo la matofali.

"Imebaki mistari mingapi?" aliuliza.

"Minane," alisema Kezia. "Na mlango. Na paa."

"Paa la nini?"

"Mabati sita. Mengine nyasi, mpaka tupate."

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema Pasikali. "Wiki nzima atatembea kama kawaida, na mimi nitakaa na roho yangu. Jumamosi ikifika bila paa, basi la Kakonko lipo. Usije ukasema sikukwambia, dada."

"Sitasema."

"Na hizi pembe hazijanyooka. Nani kajenga hapa?"

"Mkeo."

Wanawake walicheka, na mama wa Immakulata alicheka kuliko wote. Pasikali alishika ile pembe, akaisukuma kidogo kwa kiganja, akaona haitikisiki, akaiacha.

Kezia alisafisha mwiko kwa majani. Kwa ajili ya kesho alihitaji maji mapipa mawili, saruji iliyobaki, na kila mtu awe kiwanjani saa mbili kasorobo asubuhi ili mstari wa tisa uanze na wa kumi na sita uonekane kabla ya Jumapili. Alipiga hesabu kidogo kwa vidole. Kisha akamtuma Pasikali apite nyumba kwa nyumba akawaambie wanaume waondoke saa kumi na mbili kasorobo. Wanawake aliwaambia mwenyewe, palepale walipokuwa wanajitwika ndoo: saa kumi na nusu.