Disketi Nyuma ya Spika

Neno lilianzia kwenye foleni ya maji, Mabatini: mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zote zitajifuta. Wengine walicheka. Bernadeta, muuza karanga, hakucheka. Lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni, maana kazi zote za bintiye zilikuwa humo.

Hellen alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Mkufunzi wao, Mihayo, aliagiza kila mmoja atunze jalada la kazi zake kwenye disketi, kile kibapa cheusi kinachochomekwa kwenye kompyuta: maandalio ya masomo, makosa aliyofanya darasani, na alivyoyarekebisha wiki iliyofuata. Jalada lingesahihishwa Ijumaa. Bila hilo, hakuna cheti.

Jumamosi iliyotangulia Hellen alikuja nyumbani. Binti alipokuwa anafua, Bernadeta aliichomoa disketi mkobani, akafungua mgongo wa redio kubwa ya marehemu mumewe, akaipachika nyuma ya spika, pale vilipokaa vyeti vya ubatizo na karatasi ya kiwanja. Mwizi hapajui, mvua haipafikii. Akapumua.

Kesho yake Hellen akapekua mkoba mara tatu.

"Mama, disketi yangu umeiona?"

"Ipo salama. Hiyo elfu mbili yao itaikuta hapa, mbali na kompyuta."

"Hapa wapi?"

"Kwenye redio, nyuma ya spika."

Hellen akakaa chini palepale. "Mama! Spika ina sumaku. Sumaku ndiyo inayofuta!"

Jumatatu walikwenda wote chuoni. Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Mihayo akajaribu tena, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mama. Humu hakuna hata herufi. Zile alizoandika kwa mkono zipo?"

Bernadeta akakumbuka. Zile karatasi Hellen alimpa mwezi uliopita, akisema sasa vyote vimeingia kwenye disketi. Naye alizikunja pembe, akafungia karanga.

Siku hiyo aligonga milango ya wateja wote.

"Mama Mayala, ile karatasi ya karanga umetupa?"

"Karanga nimekula, Bernadeta. Karatasi nayo ningeipeleka benki?"

"Usinitanie, mwenzangu. Mtoto wangu anapotea."

Mama Mayala akaacha kucheka, akainama mwenyewe kupekua kuni za kuwashia moto. Zikatoka karatasi mbili. Kwa Masalu fundi viatu, moja. Hadi Alhamisi zilikuwa tisa kati ya ishirini na nne, zimelowa mafuta.

Ijumaa Mihayo alizisoma akizielekeza dirishani. "Hapa watoto walikupotea, Hellen. Na hapa ukawapata." Kisha akamgeukia Bernadeta. "Hizi tisa nazipokea. Zilizobaki arudi darasani, afundishe upya, aandike upya. Cheti kitasubiri mpaka Juni, mama."

Hellen hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma Bernadeta zaidi. Basi akachukua daftari na mwandiko wake wa darasa la saba, akawaandikia wazazi wenzake wenye watoto chuoni:

Usiguse disketi ya mtoto bila kumuuliza.
Usiiweke karibu na redio, spika wala sumaku yoyote.
Usikubali kazi ikae mahali pamoja tu.
Usifungie karanga karatasi yenye mwandiko wa mwanao.
Usibebe neno la foleni kabla hujamuuliza mwalimu.