Haiko Pamoja na Siye

Mtu akiniambia tena kwamba nina bahati, nitammwagia maji ya ndagala. Eti Ernestine ana bahati, chumba kizima peke yake, katika Uvira hii ambapo watu wanalala miguu ya huyu kichwani kwa yule! Kama ni bahati, njoo uichukue. Mimi sikuomba kukaa peke yangu. Aliyeomba ni Agnès.

Tulikuwa watatu katika mtaa wa Kilibula, katika parsele ya mzee Hyacinthe, kiwanja kimoja cha vyumba vya kupanga: mimi, Agnès na Pétronille. Hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake. Kilichotuunganisha ni kodi. Tangu uhuru bei zilikuwa zinapanda tu, na mwaka ule wa sitini na nne, watu walipoanza kukimbia vita ya bonde la Ruzizi na kujazana mjini, Hyacinthe aligeuza hata banda la mbuzi kuwa chumba. Tena hakutoza chumba, alitoza kichwa. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni, anachungulia mikeka yetu: "Muko wangapi humu? Na huyu, iko pamoja na ninyi?" Mgeni wako akilala mara moja tu, Hyacinthe ameshamnusa.

Mimi nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kimanga. Agnès alifua na kupiga pasi nguo za wenye maduka. Sasa weka kazi hizo mbili katika chumba kimoja uone. Vikapu vyangu upande huu, mashati meupe upande ule, na wateja wanamrudishia shati: "Mama, hii inanuka samaki." Akirudi ananirukia. Nami si mtu wa kunyamaza. Pétronille, aliyeshona kwa cherehani ya mkono, alituacha tupayuke mpaka tuchoke, halafu anauliza, "Mumemaliza? Basi tuombe." Na maombi yake, yooo! Yalikuwa marefu kama kwenda Fizi kwa miguu. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu zamani, kwa hiyo hakutoka nje ya parsele, na Mungu ndiye aliyekuwa matembezi yake. Alikuwa Mprotestanti wa kweli, wa wale ambao kwao uongo ni mbaya kuliko wizi. Ukimwuliza kama kitenge kinakupendeza, jiandae.

Agnès alitaka kitu kimoja duniani: mlango wake mwenyewe. Si mume, si duka. "Ernestine, minye nataka kufunga mulango na kusikia hakuna muntu anapumua." Nilimcheka. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akanijibu kwamba chawa ndio sisi.

Na akaupata huo mlango. Ulikuwa wa boyeri, kile chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja mzungu aliyekimbia, upande wa ziwa. Kidogo hata ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ghali, ghali ya kukutukana. Alikuwa anakula mara moja kwa siku ili akilipie. Alinikaribisha nikione. Akafunga mlango kwa ufunguo, akafungua, akafunga tena, anacheka kama mtoto. "Sikia," akasema. Sikusikia kitu. "Ndiyo hiyo!" akasema. Nilimwonea wivu, kweli nilimwonea.

Nilipokuwa natoka akanituma: "Umuambie Pétronille, Hyacinthe akimuuliza, aseme sikai tena pamoja na ninyi. Asije akanitoza bure."

"Nitasema," Pétronille alinijibu nilipomfikishia, "maana ni kweli."

Halafu wapiganaji wakateremka mjini, na askari wa serikali wakakimbia. Wengi wetu tulishangilia. Tulikuwa tumechoka, na ule uhuru tulioahidiwa hatukuuona hata kwa dirisha. Vijana wa mitaa wakajiunga nao. Venant, aliyekuwa anauza mafuta ya taa karibu na vikapu vyangu, siku moja nilimwona ana mkuki na kipande cha ngozi kichwani, ameshanyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi, na ole wake mwanamke atakayemgusa, maana dawa itakufa. Na walikuja na salamu yao. "Tuko pamoja?" Unajibu: "Tuko pamoja!" Ukikawia kujibu, shauri yako. Aliyekuwa pamoja alikuwa mtu wao. Asiyekuwa pamoja alikuwa adui, na maadui walipelekwa kwenye depo ya zamani ya pamba kando ya ziwa. Waliotoka mle walikuwa wachache. Sokoni salamu hiyo tuliishika upesi, hata vipofu na viziwi. Lakini Pétronille alikuwa ndani na mguu wake, na habari za vita hakuzitaka. Ukianza kumsimulia tu, yeye anaanza wimbo wa kanisa.

Ndege za serikali zikaanza kuja kupiga mabomu. Basi kila mtu akawa anatafuta nani anaziita. Sasa Agnès, kule kwenye boyeri, hakuwa na uwanja wala kamba. Kwetu alikuwa anaanika uani, katikati ya nepi na vitenge vya watu wote. Kule akawa anaanika juu ya bati. Mashuka meupe ya wateja, yametandazwa juu ya paa, yanaangalia mbingu! Angekuwa anakaa na mtu, hata mmoja tu, hata mimi na harufu yangu ya samaki, angeambiwa: wee mjinga, toa hayo upesi! Lakini alikuwa peke yake, kama alivyotaka.

Walimkamata asubuhi, eti mashuka ni ishara kwa ndege. Wakamwuliza nani anamjua. Katika mtaa ule hakuna aliyemjua hata jina, kwa sababu mlango wake ulikuwa umefungwa siku zote. Akawaambia, "Munipeleke Kilibula. Kule kuko wenzangu."

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, naosha ndagala. Nikasikia sauti ya Venant mlangoni, sauti ya heshima, maana Pétronille ndiye aliyekuwa anamshonea suruali tangu akiwa shule.

"Jambo, mama Pétronille. Huyu mwanamuke, unamujua?"

"Nitakosa kumujua? Si Agnès huyo."

"Iko pamoja na ninyi?"

Mungu wangu. Nililisikia swali, na kabla sijaweka chini samaki niliyemshika nikasikia na jibu.

"Hapana," akasema Pétronille, wazi kabisa, kwa sauti ile ya kumjibu mwenye nyumba. "Haiko pamoja na siye. Alitoka. Sasa iko peke yake."

Nilitupa beseni nikakimbia. Nilipofika mbele, Pétronille alikuwa bado ameshika shati alilokuwa analishona, anamtabasamia Agnès kama mtu aliyetimiza ahadi. Agnès alikuwa amesimama kati ya vijana wawili, mdomo wazi.

"Venant! Anasema kulala! Anasema kodi ya nyumba!" Nilitaka kumshika mkono. Akaruka nyuma, mkuki mbele.

"Usiniguse, mama!"

Nyuma yake alisimama mkubwa wao, mtu mgeni, si wa Uvira. Venant alimtazama yule kwanza kabla ya kunitazama mimi. Ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa.

"Huyu alikuwa pamoja na siye," nikamwambia yule mkubwa. "Tulipika sufuria moja!"

"Alikuwa," akasema. "Na sasa?"

Maji yakimwagika hayazoleki.

"Pétronille," Agnès akasema, "uwaambie. Sema tena."

"Niseme nini tena?" Pétronille akauliza, anatuangalia mmoja mmoja. "Nimesema kweli."

Wakamwondoa. Ufunguo wake ulikuwa unaning'inia shingoni kwa kamba.

Nilimgeukia Pétronille nikamtukana. Nilimtukana matusi ya sokoni, yale ambayo hata wavuvi wanayaogopa. Nilipoishiwa na matusi nikamweleza: salamu, jibu lake, depo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya shati.

"Kwa hiyo minye nilijibu swali gani?" akaniuliza.

"Ulijibu la Hyacinthe. Wao waliuliza la kwao."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Jioni ile hakuomba kwa sauti, na chumba kilikuwa kimya kama kile cha Agnès, na niliuchukia ukimya ule.

Kulipokucha akavaa kitenge chake cha ibada.

"Unaenda wapi na mguu huo?"

"Kusahihisha."

Nikamwambia wale hawasahihishwi, kwamba ni kujitia mdomoni mwa mamba. Akanijibu, "Neno nililisema minye. Nani mwingine atalitengeneza?" Na mtu mwenye mguu namna ile huwezi kumwacha aende peke yake. Nikabeba kikapu changu cha ndagala, wakiuliza niseme naenda kuuza, nikamfuata.

Njia ya depo si ndefu, lakini kwa mguu ule ilikuwa kama tunaenda Bukavu. Kila aliposimama kupumzika nilimwomba turudi. Nilimwomba kwa jina la mama yake. Yeye midomo yake ilikuwa inacheza, anarudiarudia kile atakachosema, kama mtoto aliyepewa mstari wa Biblia wa kusoma mbele ya kanisa.

Mlangoni tuliwakuta Venant na mkubwa mwingine, si yule wa jana. Pétronille alisimama mbele yao, akajifuta jasho.

"Jana nilikosea," akasema. "Agnès iko pamoja na siye."

Venant alitikisa kichwa kidogo, kidogo sana, kumwambia anyamaze, arudi nyumbani. Pétronille hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kusikia.

"Yule wa mashuka?" mkubwa akauliza. "Weye uko pamoja na yule anayeita ndege?"

"Minye niko pamoja na Agnès. Tangu zamani."

"Vizuri. Basi ingia ukae naye."

Wakafungua mlango. Ndani kulikuwa giza, na harufu iliyotoka mle sitaisema. Nilidhani Pétronille atapiga kelele, ataelewa, atarudi nyuma. Lakini uso wake ulikuwa umetulia. Mwanamke yule aliona amefaulu! Alikuja kusema kwamba wako pamoja, na wamemsikia.

Mkubwa akanielekezea kidevu. "Na huyu?"

Nikafungua mdomo. Sijui lingetoka neno gani, mpaka leo sijui. Pétronille aligeuka, akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, polepole, kama unavyomtazama muuzaji ambaye hujawahi kununua kwake.

"Huyu? Hapana," akasema. "Huyu haiko pamoja na siye. Tulikutana tu mu njia."

"Ni muuza ndagala wa Kimanga," Venant akadakia. "Huyo namujua. Iko pamoja."

"Enda," mkubwa akaniambia.

Nikaenda. Nilitamani kugeuka nimwone hata mgongo, lakini mtu asiyekujua hageuki kukutazama. Nikasikia mlango unafungwa. Sikumwona tena, yeye wala Agnès. Nilikuwa najua Venant na mkubwa wake bado wananiangalia, basi nikaweka kikapu kichwani vizuri, nikapaza sauti, nikaanza kuita watu waje wanunue ndagala.